Zile Wiki Mbili za Baba

Gatuanyaga,
16 Februari 2025

Kwa mdogo wangu Junaid,

Assalam alaikum. Natumai wewe na mkeo Janice mko salama na duka linaenda. Huku tuko wazima, ila jua linatuchoma bila huruma na maji tunayapigania. Mbuzi mwekundu amezaa mapacha. Mmoja alikufa, mwingine mama yake amemkataa, kwa hiyo tunamnyonyesha kwa chupa. Ami yetu Adan, hapa jirani, mguu bado unamsumbua. Anakusalimia, na anauliza kama wewe miguu yako bado unayo, maana hajakuona tangu mwaka jana.

Unashangaa kuona karatasi. Nimekuandikia kwa sababu simu unaikata. Jumanne ulinikatia nikiwa katikati ya neno, Alhamisi ukasema uko na mteja, na meseji zangu unazisoma kisha unakaa kimya. Karatasi haikatiki. Nimeituma na mizigo pale steji ya magari, uichukue kwa saini yako mwenyewe, usije ukaniambia haikufika.

Basi soma.

Mwezi wa kwanza uliniletea binti yako Hayat ukaniambia nikae naye siku mbili tatu, unapaka rangi chumba chake. Nilifurahi. Nilichinja hata jogoo. Siku mbili tatu zikawa wiki mbili nzima, akarudi kwa mama yake Githurai. Wiki zako mbili za kukaa naye zilipofika tena ukamleta tena, ukamshusha langoni na begi lake bila hata kuzima gari. Mimi nikabaki nimeshika kikombe cha chai niliyokuwa nakuletea.

Mtoto ana miaka minane, Junaid. Shule yake iko Ruiru. Namuamsha saa kumi alfajiri, analia, namvalisha akiwa amefumba macho. Kinuthia anatubeba kwa pikipiki hadi Thika, tumejifunika leso kwa ajili ya vumbi, kisha tunapanda gari la Ruiru nimfikishe shuleni. Na unajua tunapita wapi? Tunapita hapo hapo Ruiru mtaani kwenu, Gitothua. Ukitoka nje na mswaki mdomoni unaweza kutupungia mkono. Mtoto anasafiri kutoka kwangu hadi karibu na mlango wako kila asubuhi, na hiyo ndiyo zamu yako ya kukaa naye!

Jana ameniuliza, "Tata, baba amemaliza kupaka rangi?" Ananiita Tata, ameiga watoto wa jirani wanavyowaita shangazi zao. Nikamwambia bado kidogo. Lakini hebu niambie mimi mtu mzima: ni chumba gani hicho kinachopakwa rangi tangu Januari, na mwenyewe ni muuza rangi?

Sikuombi pesa. Nataka jibu moja tu. Kwa nini mtoto halali kwako?

Dada yako,
Sumeya


Ruiru,
2 Machi 2025

Dada yangu mpendwa Sumeya,

Waalaikum salaam, na Ramadhani karimu. Barua yako ilifika salama, ila kazi zimenibana. Sisi hatujambo. Janice anakusalimia sana. Duka linaenda pole pole, watu wanataka vigae vya kukopa kama vile wanakopa mkate. Mpe Ami Adan pole, mwambie Idd nitakuja nimwone, inshallah. Na hongera kwa mbuzi.

Sasa dada, umekuwa mkali bure. Pengine sikukueleza vizuri, nikueleze.

Tangu tuachane na Beth nilikuwa nampa elfu kumi na mbili kila mwezi za chakula na nyumba ya mtoto, na karo yote juu yangu. Mtoto anaishi kwake, mimi ni mtu wa kutuma tu, kama benki. Januari nikaenda ofisi ya watoto nikasema nataka kumlea mtoto wangu, tena nataka akue katika dini. Bwana Mwanzia, yule afisa, akatuita wote wawili. Tukakubaliana wiki mbili kwa Beth, wiki mbili kwangu, karo nusu kwa nusu, na kila mtu amlishe mtoto akiwa kwake. Beth alitia saini mwenyewe, hakuna aliyemshika mkono. Kwa hiyo zile elfu kumi na mbili hazipo tena. Haki ni haki. Mtoto akila kwangu nusu ya mwezi, kwa nini nimlipe Beth chakula cha mwezi mzima?

Na kuhusu kulala, dada, sisi kwetu shangazi ni nani? Si ni baba wa kike? Marehemu Shangazi alitulea pale Majengo na alituambia kila siku, "Mimi ni baba yenu wa kike." Basi Hayat akilala kwako amelala kwangu. Hata nikiulizwa ofisini nitajibu hivyo bila kupepesa macho.

Kuna jambo dogo nakuomba. Mwanzia anaweza kukupigia simu, ni kawaida yao kufuatilia. Mwambie Hayat huwa anakuja kwako kukusalimia. Usimpe maneno mengi.

Nimekutumia elfu mbili kwa simu, za sukari na unga wa futari.

Ndugu yako,
Junaid


Gatuanyaga,
10 Machi 2025

Junaid,

Salamu za mwezi mtukufu nimezipokea. Ami Adan anafunga, ingawa daktari amemkataza, na mbuzi wa chupa amenenepa. Sisi wazima. Elfu mbili zako nimezirudisha, angalia simu.

Swaumu yangu umeijaribu kweli kweli. Niliisoma barua yako baada ya adhuhuri na nikatamka maneno ambayo mfungaji hatamki.

Usimtaje Shangazi! Shangazi alitulea kwa sababu Baba alikuwa kaburini. Alikuwa baba wa kike kwa sababu baba wa kiume alikuwa hayupo duniani. Wewe uko wapi? Wewe uko Ruiru unauza rangi, mzima, una kitambi. Yule mama aliacha kuolewa mara ya pili kwa ajili yetu, akauza mandazi hadi vidole vikakunjika, na wewe umelichukua neno lake ukalifanya punguzo la bei. Unamkata Beth pesa kwa usiku ambao mtoto anakaa kwako, halafu usiku wenyewe nakaa naye mimi. Nani anamlisha hizo wiki mbili? Nani amemnunulia viatu vipya vile vya zamani vilipomfinya? Na hiyo dini uliyomwambia afisa, nani anampeleka madrasa Jumamosi? Mara ya mwisho wewe kuonekana msikitini hapa, imamu alikuwa mwingine.

Sikuulizi hayo kwa sababu nataka unilipe. Nakuuliza kwa sababu kila nikimtilia mtoto uji, wewe huko unaandikiwa kwamba umemlisha.

Sasa sikiliza lililotokea. Mwalimu wa darasa amempigia Beth simu kwamba Hayat analala darasani. Wiki nyingine yuko sawa, wiki nyingine anaangusha kichwa juu ya dawati kabla ya saa nne. Beth akanipigia mimi, kwa sababu wewe simu yake hupokei. Yeye anaamini mtoto yuko Gitothua, dakika kumi kutoka shuleni. Akaniuliza, "Wifi, kwani huko kwa Junaid huyu mtoto wanamlaza saa ngapi? Wanamwachilia kwa TV usiku wote ama?"

 Wallahi nilimwambia nina sufuria motoni nikakata simu. Nimekuwa kama wewe.

Nimekufichia mara hiyo moja, tena ndani ya Ramadhani. Hutaipata ya pili. Mchukue mtoto umlaze kwako, au nenda ofisini useme huwezi. Na lile swali langu hukulijibu.

Sumeya


Gatuanyaga,
6 Aprili 2025

Junaid,

Idd njema, ijapokuwa imeshapita. Ami Adan alivaa kanzu yake mpya akakaa kibarazani tangu asubuhi kukungoja, kwa sababu ulisema utakuja. Saa kumi na moja jioni akaivua akaikunja. Hakusema kitu. Mimi ndiye nasema.

Barua yangu ya mwezi uliopita hukuijibu. Basi siku ya pili ya Idd nilibeba sufuria ya pilau nikaja Gitothua mwenyewe. Hayat alikuwa kwa mama yake, nilijua. Nilitaka kukuona wewe. Wewe hukuwepo, alinifungulia Janice.

Junaid, mke wako ni mtu mwema na sikustahili kumjua kwa njia ile. Alinishika mabega yote mawili mlangoni. "Dada karibu! Haki huyo mtoto mtaniletea lini? Mimi nimengoja tangu January."

Nikafikiri sikusikia vizuri. Akanitangulia akanionyesha chumba. Kimepakwa rangi, tena rangi nzuri, ya waridi. Kitanda kipo. Neti ipo, imefungwa kwa riboni. Godoro bado liko ndani ya nailoni yake ya dukani. Akaniambia, "Hiyo nailoni nilikataa kuitoa mpaka siku atakuja, nataka aitoe mwenyewe. Lakini Junaid anasema Beth amekataa kabisa kumtoa. Na pesa bado tunamtumia, twelve thousand every month. Hii Ramadhani tumejibana, hata futari tumekula uji mtupu, ndio hiyo pesa ipatikane."

Nilisimama pale na sufuria mikononi mpaka akanipokea.

Beth hajaona shilingi kutoka kwako tangu Januari. Mimi elfu mbili zako nilizirudisha. Janice anajinyima kila mwezi kwa ajili ya elfu kumi na mbili ambazo hazifiki Githurai wala Gatuanyaga. Kwa hiyo sasa nimelipata mwenyewe jibu la swali langu. Mtoto halali kwako kwa sababu akilala kwako mara moja tu, Janice atauliza kwa nini Beth bado analipwa.

Umemdanganya mke kuhusu mama, umemdanganya mama kuhusu mtoto, umemdanganya mtoto kuhusu rangi. Umebakisha nani? Hata Ami Adan na kanzu yake hukumbakisha.

Sikumwambia Janice. Nilimeza. Nilikula biskuti zake nikaaga nikatoka. Nilitaka nikuulize wewe kwanza kwa sababu wewe ni mdogo wangu, nilikubeba mgongoni. Pesa hizo zinakwenda wapi?

Sumeya


Ruiru,
27 Aprili 2025

Sumeya,

Salamu nakupa kwa sababu ni sunna, si kwa sababu unastahili.

Umeingia nyumbani kwangu nikiwa sipo, ukapekua chumba hadi chumba, halafu unaniandikia kama karani wa mahakama. Janice tangu siku hiyo ananiangalia vibaya. Ananiuliza maswali. Umefurahi?

Pesa yangu haikuhusu, lakini nitakwambia ili unyamaze. Nalipia kiwanja huko Juja Farm, pole pole, kila mwezi. Kikiisha kulipwa kitakuwa cha Hayat. Hilo nalo ni kosa? Miaka mitatu nimempa Beth pesa, zimekwenda kwa mwenye nyumba wake na kwa msusi wake, leo ukitafuta alama yake huioni. Mimi najenga kitu cha kudumu. Mwanamume akifikiria kesho mnamwita mwizi. Janice angejua angetaka jina lake liandikwe, na mimi sitaki vurugu.

Sasa niseme na mimi, kwa sababu umesema vya kutosha.

Usijifanye malaika. Unalalamika kuhusu pikipiki na saa kumi alfajiri, lakini kila nikimleta unatoka mbio hadi langoni. Tangu mumeo afariki, nyumba yako ilikuwa na redio na wewe. Mungu hakukujalia mtoto, na hilo si kosa langu. Nani amemshonea Hayat nguo mbili za Idd? Nani amebandika michoro yake ukuta mzima hadi jikoni? Alipokuwa na homa nilisema nimpeleke kwa Beth, nani alikataa?

Nilikupa kitu ulichokitaka maisha yako yote, na sasa unanitukana.

Fikiria vizuri. Ukifungua mdomo ofisini, ule mkataba unavunjwa. Mtoto anarudi kwa Beth moja kwa moja. Mimi nitalipa pesa, sawa, nimezoea. Lakini wewe utabaki na mbuzi. Hakuna afisa atakayeandika wiki mbili za shangazi.

Uamuzi ni wako.

Junaid


Gatuanyaga,
11 Mei 2025

Junaid,

Habari za nyumbani sitakupa. Anayezitaka aje azione.

Ulijua pa kubonyeza. Nilikulea, kwa hiyo unajua. Niliisoma barua yako jikoni, nikainua macho, ile michoro yake ikawa inaniangalia. Sitabishana nawe juu ya nani hukimbia hadi langoni. Mambo mengine mtu hayaandiki hata kwa ndugu yake.

Kiwanja cha Hayat nimekisikia. Nitumie picha ya karatasi yenye jina lake. Usinitumie maneno, nitumie jina. Najua hutanitumia.

Ijumaa Beth alikuja hapa. Si mimi niliyemwita. Hayat alimsimulia habari ya mbuzi anayenyonya chupa, jinsi alivyomlamba sikio akiwa anafanya homuweki, na Beth akakaa akijiuliza Gitothua kuna mbuzi gani wa kulamba watoto sikio. Akakumbuka kwamba mimi nafuga, akafunga kibanda chake cha mitumba mchana, akauliza njia hadi akafika. Alinikuta naanua nguo. Ile ya shule ya Hayat nilikuwa nimeishika mkononi.

Nilitegemea atanipiga. Alikaa tu kwenye ndoo iliyopinduliwa, miguu yote vumbi, akasema, "Wifi, mimi nilisign hiyo kitu juu ya vile nilidhani Hayat atapata babake. Nilijua pesa itapungua. Nikasema wacha ipungue, bora mtoto awe na baba. Saa hii niko nyuma na rent ya miezi mbili, half ya fees nimekopa kwa chama, na mtoto anakuja kwako! Kwako, wifi! Ngai! Si ningekuletea mimi mwenyewe bila kukosana na mtu?"

 Nilimpa maji. Hasira zote nilizokuwa nazo juu yako zikaongezewa na za kwake.

Tarehe ishirini na nane Mwanzia ametuita sote, kwa malalamiko ya Beth. Beth ameniuliza kama nitasema. Nimemwambia nitasema, na nitasema yote, na ukitaka Janice asiyasikie kwangu mwambie wewe kabla ya siku hiyo.

Ninachopoteza nakijua kuliko wewe. Usinikumbushe tena.

Sumeya


Ruiru,
15 Juni 2025

Sumeya,

Idd ya kuchinja imepita, natumai uliuza mbuzi wako wote kwa bei nzuri. Janice yuko kwao Murang'a tangu mwisho wa Mei. Hiyo ndiyo habari ya familia, na aliyeileta ni wewe.

Sijapata kuaibishwa maishani kama ile Jumatano. Mbele ya Beth, mbele ya mtu mgeni, dada yangu wa tumbo moja. Mwanzia aliponiuliza mtoto analala wapi wiki zangu, nilisema ukweli wa kwetu, kwamba yuko kwa baba yake wa kike. Nilidhani hata kama umenikasirikia, hilo hutalikana. Wewe ukasimama, wala hukuambiwa usimame, ukasema, "Ni kweli, bwana, kwetu mimi ni baba wa kike. Basi niandikeni mimi mahali pa baba, na yeye mumwandike shangazi wa kiume." Beth akacheka. Mwanzia mwenyewe aliinamia karatasi zake, nilimwona mabega yanatikisika.

Halafu Mwanzia akanipa somo kama mtoto wa gredi ya kwanza. "Nyinyi mlianzia mwisho. Kwanza mtu anauliza mtoto anahitaji nini kwa mwezi. Halafu baba anapata ngapi, mama anapata ngapi. Kulala kwa nani kunakuja baadaye. Hata kama angelala nusu kwa nusu kweli, hiyo haimaanishi mama wa mitumba na baba wa hardware wanatoa sawa sawa." Nikauliza basi hesabu yenyewe iko wapi, kuna jedwali gani la serikali. Akasema hakuna jedwali, kuna uwezo wa mzazi na haja ya mtoto, na nisipokubaliana naye niende nikamuulize hakimu.

Nilitia saini. Elfu kumi na tano kwa mwezi, karo yote na sare. Mtoto anakaa Githurai. Mimi napata wikendi moja, naikosa moja, na nusu ya likizo.

Umeshinda. Sasa sikiliza adhabu yako, kwa sababu na mimi nina moyo.

Wikendi zangu ni zangu. Hayat hatakanyaga Gatuanyaga tena. Umesema mbele ya afisa kwamba mtoto hakai kwangu? Atakaa kwangu. Ijumaa namchukua mwenyewe shuleni, Jumapili jioni namrudisha mwenyewe, na katikati nitakuwa naye mimi, nitampikia mimi, nitamlaza mimi. Ijumaa iliyopita nilifunga duka saa tisa. Hutaambiwa amefika, hutaambiwa ameondoka. Akiniuliza Tata yuko wapi, nitamwambia Tata alikwenda ofisini akasema hamtaki.

Ulichoka na pikipiki. Pumzika sasa.

Junaid


Gatuanyaga,
13 Julai 2025

Kwa mdogo wangu Junaid,

Assalam alaikum. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipoanza, karatasi niliichana. Ami Adan hajambo, ameanza kutembea na fimbo hadi msikitini. Mbuzi tumeuza. Mvua imekuwa ya kujikokota lakini mahindi yamesimama. Janice amenipigia kutoka Murang'a, tumeongea, na tuliyoongea ni yetu.

Lile neno lako la mwisho ni uongo, na ni uongo mchafu. Usimwambie mtoto simtaki. Nitukane mimi, niite nyoka, lakini hilo ukimwambia nitakuja Ruiru na safari hii sitabeba pilau.

Mengine yote sina la kupinga. Umeniumiza. Nilitandika kitanda chake Ijumaa mbili kwa mazoea tu, nikakitandua. Kinuthia bado anapita saa kumi na nusu alfajiri akibeba watu wengine, anapunguza mwendo langoni kisha anaendelea. Michoro sijaibandua. Ulitaka nilie, nimelia, uridhike.

Sasa hebu rudia kuisoma barua yako mwenyewe, kama unayo nakala kichwani. Tangu Februari nimekuandikia. Nimekubembeleza, nimekutukana, nimekurudishia pesa, nimekuja hadi mlangoni kwako, nimekuaibisha mbele ya afisa. Yote hayo nilitaka jambo moja, mtoto alale kwa baba yake. Mwanzia alikuandikia kwenye mkataba hukufanya. Mtoto alikuuliza mwenyewe hukufanya. Leo umefunga duka saa tisa, wewe Junaid unayefungua duka hata siku ya mazishi, ukaenda ukasimama langoni pa shule kumngoja. Na umefanya kwa nini? Kwa kunikomoa mimi. Mjinga wewe! Hasira imekufanya baba, kitu ambacho aibu haikukufanya.

Basi kwa kuwa unanikomoa, nikomoe vizuri, usifanye nusu nusu. Hayat halali gizani. Acha taa ya nje iwake na mlango uwe wazi kidogo. Akikataa chakula usimlazimishe, ondoa sahani, baada ya muda atakuja mwenyewe jikoni akijifanya anatafuta maji. Akinyamaza sana njiani ujue tumbo linamuuma, hasemi mpaka aulizwe mara mbili. Nywele usimkate kwa sababu huwezi kuchana, jifunze kuchana.

Na siku biashara itakapokuwa nzuri Ijumaa, mteja yuko mlangoni na pesa mkononi, ukaanza kufikiri umlete kwangu siku mbili tatu, nikumbuke mimi na ule mdomo wangu ofisini. Kumbuka Beth alivyocheka. Kasirika upya. Funga duka uende umchukue.

Usiniruhusu nimwone, Junaid. Niadhibu kila wikendi yako, usiruke hata moja, mpaka awe mtu mzima.

Dada yako,
Sumeya